Chujio la hewa katika magari ya zamani: kwa nini bakuli la mafuta lilidumu kwetu Uvira

UVIRA, Kivu ya Kusini – Kiangazi kikifika, kuanzia mwezi wa sita, swali moja hurudi katika garaji zetu, kutoka Kavimvira hadi Kalundu: gari la zamani la esansi, lile lenye kabureta, liwekewe chujio gani la hewa? La karatasi, la bakuli la mafuta, la sifongo, au lile la pamba linalouzwa kwa maneno matamu kwamba litaongeza nguvu?

Mtu anaweza kusema hilo ni jambo la mafundi na wapenzi wa magari ya kale. Kwetu sivyo. Ziko familia zilizohama ambazo mali pekee waliyobaki nayo ni Land Rover ya marehemu baba, au Peugeot iliyowatoa kijijini usiku. Ziko nyingine nyingi zaidi ambazo hazina gari lolote, lakini zimepanda juu ya magunia katika gari la mtu, na watoto na masufuria. Motere ikifia kati ya Makobola na Swima, wote wanashuka na kutembea. Na mara nyingi motere hiyo haikufa siku hiyo. Ilianza kufa miaka miwili nyuma, siku ile mtu alipofungua chujio, akalitupa, akasema gari sasa linavuta vizuri.

Ndiyo maana nimeona tuzungumze historia ya kifaa hiki, ambacho mafundi wetu hukiita filtri tu. Jibu la swali la kiangazi limo ndani ya historia hiyo. Katika barabara za huku kwetu, chujio lililoshinda halikuwa lile linalosifiwa zaidi vitabuni. Lililoshinda ni lile ambalo mtu wa hapa aliweza kulisafisha kwa vitu alivyokuwa navyo.

Tuanze na hesabu ndogo. Esansi haiungui peke yake. Kilo moja ya esansi inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, lita moja ya esansi inakula lita 9,000 hadi 10,000 za hewa, yaani mapipa 45 hadi 50, yale ya lita 200. Chukua Land Cruiser ya zamani inayotoka Uvira kwenda Baraka, safari ya kilomita kama 90. Ikinywa lita 20 njiani, imevuta mapipa 900 hadi 1,000 ya hewa. Na ni hewa gani? Ni ile iliyoachwa nyuma na kamyo iliyotangulia, ile ambayo abiria wanajifunika vitenge usoni ili wasiivute. Abiria ana kitenge chake. Motere haina kingine ila chujio.

Ndani ya vumbi hilo mna punje za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Punje kubwa hazisumbui sana, maana hunaswa mapema au huanguka zenyewe. Zinazoua ni zile ambazo jicho halizioni, nyembamba mara kadhaa kuliko unywele wa mtu. Zinapita kwenye kabureta, zinafika kwenye ukuta wa silinda ulio na utando wa mafuta, na hapo mafuta na mchanga vinageuka kuwa dawa ya kusagia. Kila pistoni inapopanda na kushuka inajisaga. Segma zinalegea, mafuta yanapanda juu na kuungua, moshi wa buluu unatoka nyuma, na asubuhi gari linataka kusukumwa. Kabureta nayo inaumia: ule mhimili wa kipepeo kinachofungua na kufunga hewa unalika pembeni, hewa inaingia mahali isipotakiwa, na baada ya hapo hakuna fundi atakayeweza kulituliza gari likiwa limesimama.

Magari ya kwanza kabisa hayakujua haya. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, ilitoka kiwandani kabureta ikiwa mdomo wazi. Watengenezaji wa matrekta ndio waliolazimika kufikiri mapema, kwa sababu trekta inalima siku nzima ndani ya vumbi lake yenyewe. Walijaribu maji, walijaribu vitambaa, walijaribu vyombo vya kuzungusha hewa ili vumbi litupwe pembeni. Katika miaka ya 1930 chombo kimoja kilikuwa kimeenea kuliko vingine: bakuli la bati lenye mafuta ya motere chini, na juu yake kopo lililojaa nyuzi za chuma.

Jinsi kinavyofanya kazi ni jambo la kupendeza, nami nitakaa hapo kidogo. Hewa inaingia juu na kushuka kwa kasi kuelekea kwenye mafuta. Ikikaribia kuyagusa, inalazimika kugeuka ghafla na kupanda tena. Hewa ni nyepesi, inageuka. Vumbi ni zito, halikunji kona. Linaendelea na safari yake na kuzama katika mafuta. Vumbi laini zaidi linalofaulu kugeuka pamoja na hewa linakutana na zile nyuzi za chuma, ambazo muda wote zinarushiwa mafuta na upepo huohuo, na linanata humo. Mafuta yanadondoka chini tena na kulibeba vumbi hadi chini ya bakuli, ambako linakaa kama tope la mto. Hakuna kitu cha kununua na kubadilisha isipokuwa mafuta. Ukifungua bakuli baada ya wiki mbili za kiangazi, utaona kwa macho yako na kupima kwa kidole ni udongo kiasi gani ulitaka kuingia ndani ya motere.

Katika miaka hiyo, mizigo ya huku kwetu ilikuwa bado haitegemei sana magari. Ilikuja kwa meli kutoka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ikashushwa Kalundu, ikapanda reli ya CEFAKI kuvuka uwanda wa Ruzizi hadi Kamanyola. Hapo ndipo kamyo zilipoipokea na kuipandisha Ngomo kuelekea Costermansville, yaani Bukavu. Reli hiyo ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Pamba, sukari, saruji, samaki na watu, vyote vikahamia barabarani. Wazee wakisema kwamba zamani hakukuwa na vumbi namna hii, wanasema kweli kwa sehemu: udongo ulikuwepo, ila magurudumu ya kuusaga yalikuwa machache.

Wakati huohuo dunia ilikuwa imetoka vitani. Mapigano ya jangwa la Afrika ya Kaskazini, kuanzia 1940 hadi 1943, yaliwafundisha majeshi yote kwamba mchanga unaweza kuua motere nyingi bila risasi hata moja. Ndege za Waingereza zilifungiwa machujio makubwa ya kampuni ya Vokes chini ya pua, na marubani wakalalamika kwamba yanapunguza mwendo, lakini yalibaki. Jeep ya Wamarekani ilikuwa na chujio la bakuli. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, mwezi wa nne 1948, ilikuja na bakuli lake. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ambayo Wafaransa na Wabelgiji waliiita Coccinelle, ilibeba bakuli dogo juu ya motere yake ya nyuma kwa miaka mingi. Haya ndiyo magari yaliyoteremka kwenye bandari na kufika kwetu. Kwa hiyo mafundi wa kwanza wa Uvira hawakuchagua chujio la bakuli. Walilikuta tayari, wakajifunza kuishi nalo.

Kuna mahali pengine katika eneo letu ambapo jambo hili lilipimwa hadharani. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara ambazo siku moja ni vumbi na siku ya pili ni matope. Magari makubwa yenye nguvu yalikuja na kufa njiani. Coccinelle, gari dogo la watu wa kawaida, ilishinda mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Peugeot 404 ilishinda 1963, halafu mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Sitaki kusema ni chujio peke yake lililoleta ushindi. Palikuwa na springi, palikuwa na madereva. Lakini sifa ya Peugeot katika Afrika ya Mashariki na ya Kati ilijengwa pale, na gari lisilojua kuvuta pumzi safi lisingefika hata nusu ya safari.

Kwetu hatukuwa na mashindano. Tulikuwa na Ngomo, na inatosha. Gari linatoka kando ya ziwa, mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, linapita Sange, Luvungi na Kamanyola, halafu linapanda kona baada ya kona kuelekea Bukavu, mji ulioko karibu mita 1,500. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyembamba. Kabureta haina akili ya kujua hilo. Inaendelea kumimina esansi karibu ileile, na hewa haitoshi. Moshi unakuwa mweusi, buji zinapakwa masizi, nguvu inapungua. Sasa ongeza chujio lililoziba kwa vumbi la uwanda: nalo linanyima motere hewa, kasoro ileile mara mbili. Hapo ndipo kishawishi kilipozaliwa. Dereva anasimama kwenye kona, anafungua chujio, analiweka chini ya kiti, na kweli gari linapanda kwa nguvu mpya. Akifika Bukavu anamwambia mwenzake. Mwenzake naye anamwambia mwingine. Kilichoponya gari kilikuwa ni hewa, lakini dereva ameondoka na fundisho kwamba chujio ni adui. Nadhani hiyo ni imani iliyoua motere nyingi katika Kivu kuliko ajali. Dawa ya chujio lililoziba ni kuliosha kabla ya kupanda. Dawa ya hewa nyembamba ni kumpa fundi apunguze esansi kwenye kabureta kwa gari linaloishi juu.

Tena, kuondoa chujio kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau. Motere ya esansi isiyowashwa kwa wakati wake huweza kukohoa moto nyuma, kupitia kabureta. Chujio likiwepo, mwali unaishia humo. Lisipokuwepo, unatoka juu, na kama bomba la esansi linavuja, gari linawaka na watu wakiwa ndani.

Chujio la karatasi lilianza kuonekana kwenye magari katika miaka ya 1950. Tuwe wakweli: likiwa jipya, halisi, na limekaa vizuri mahali pake, linakamata vumbi laini kuliko bakuli. Halijali kama motere inakwenda pole au mbio. Bakuli linategemea kasi ya hewa. Gari likienda polepole nyuma ya msururu wa kamyo, hewa inageuka taratibu na vumbi laini zaidi linafaulu kuifuata. Kwa hiyo viwanda viliacha bakuli, kimoja baada ya kingine. Magari yaliyofika miaka ya 1970, Peugeot 504, Datsun, na Toyota nyingi, yalizidi kuja na karatasi.

Hapo historia ya nchi yetu ikaingilia kati. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na makampuni ya wageni yatapewa wananchi wa Zaire. Maduka ya vipuri yalikuwa miongoni mwa hayo. Muda mfupi baadaye bei ya shaba duniani ikaanguka, na pesa za kigeni za kuagizia bidhaa zikakosekana. Mwenye duka mpya alikuwa na rafu, lakini rafu hazikuwa na kitu. Chujio la karatasi ni kitu cha kutupwa kila baada ya muda. Usipopata jingine, unabaki na lilelile. Watu wakatumia Kifungu cha 15, mnakijua: jitegemee. Karatasi ikapigwapigwa kwenye tairi ili vumbi litoke. Ikapulizwa kwa pampu. Ikaoshwa kwa sabuni na kuanikwa. Ilipochanika ikashonewa kitambaa, au soksi, au kipande cha godoro.

Kila moja ya njia hizo ina kasoro yake. Ukiipiga karatasi, mikunjo yake inapasuka, na mpasuko mdogo kama ukucha unatosha kupitisha vumbi lote. Ukipuliza kutoka nje kuelekea ndani, unalisukuma vumbi upande wa motere. Pumzi lazima itoke ndani kwenda nje, tena kwa upole. Godoro linayeyushwa na mvuke wa esansi, linakuwa unga, na unga huo unavutwa ndani. Ndiyo sababu, katika miaka ambayo Land Cruiser mpya zaidi zilikuwa zinafunguliwa motere mapema, Land Rover ya zamani yenye bakuli iliendelea kushuka Baraka na kupanda milima. Yenyewe ilihitaji mafuta kidogo, petroli ya taa ya kuoshea nyuzi, na mtu asiyekuwa mvivu. Mafundi wengine walitoa mabakuli kwenye magari yaliyokufa na kuyafunga kwenye magari ya karatasi, kwa bomba la mpira na vibano. Kazi hiyo ikifanywa vizuri ni kazi ya akili, si ya umaskini.

Kando ya haya, angalieni ziwani. Motere ya Yamaha inayosukuma mitumbwi yetu ya mbao nayo ina kabureta, lakini mfungue kifuniko muone: haina chujio la hewa la kukamata vumbi. Katikati ya Tanganyika hakuna vumbi. Kijana aliyejifunza ufundi kwenye mitumbwi ya Kalundu, akihamia kwenye magari, anaweza kuamini kwa moyo mweupe kwamba chujio ni pambo. Amefundishwa na maji. Aliyefundishwa na barabara ya Kiliba, wakati trekta za kiwanda cha sukari zilipokuwa zikibeba miwa katika majivu na udongo, asingeamini hivyo hata siku moja.

Kisha vita. Uvira ilichukuliwa mwezi wa kumi 1996, na tangu hapo kila kizazi hapa kimeshawahi kufunga mizigo. Gari likiachwa uani miezi sita au miaka miwili, chujio lake huwa nyumba ya viumbe wengine. Panya hupenda karatasi. Huitafuna na kutengeneza kiota. Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya bomba. Katika bakuli mafuta hukauka na kuwa kama gundi, na kama maji ya mvua au ya mafuriko yameingia, yanakaa chini ya mafuta na kutoonekana kirahisi. Walioshuhudia mto Mulongwe ulivyofurika mwezi wa nne 2020 wanajua maji yalifika wapi katika magari. Kwa hiyo ninyi mnaorudi nyumbani na kukuta gari bado lipo, jambo la kwanza, kabla hata ya kutafuta betri, fungueni chujio. Toeni kila kitu, osheni, angalieni bomba mpaka kwenye kabureta. Motere iliyovuta kiota cha nyigu siku ya kwanza ni hasara mbili kwa familia iliyokwisha pata hasara.

Sasa nirudi kwenye swali. Gari la kabureta, hapa, leo, lichague nini?

Kama lilikuja na bakuli na bakuli bado ni zima, mimi naona liachwe. Lijazwe mafuta mapya, yaleyale yanayowekwa kwenye motere, hadi mstari uliochorwa ndani, bila kuzidi. Wengi hufikiri mafuta mengi ni usalama zaidi. Kinyume chake, yakizidi yanavutwa hadi kwenye silinda na gari linatoa moshi kama lililokufa segma. Katika kiangazi, kwenye vumbi zito, bakuli lifunguliwe kila siku, na tope likifika kiasi cha unene wa kidole, mafuta yamwagwe. Msiyamwage ziwani wala kwenye mtaro. Chimbeni shimo mbali na kisima, au mpeni anayeyakusanya. Nyuzi zioshwe kwa petroli ya taa, zisioshwe kwa esansi, na zikauke kabla ya kupakwa mafuta tena. Mkivuka mto wenye kina, fungueni mwangalie: mafuta yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji. Na gari likilala upande kwenye mteremko mkali, bakuli linaweza kumwagika, kwa hiyo wanaopanda kwenda Lemera na milimani wabebe chupa ya akiba.

Kama gari lilikuja na karatasi, na unaweza kupata karatasi halisi kutoka Bujumbura au Bukavu kwa uhakika, tumia karatasi, ununue mbili kwa wakati mmoja. Kabla ya kuifunga, weka tochi ndani gizani: ukiona nukta ya mwanga mkali, imetoboka, hata kama muuzaji ameifunga kwenye boksi zuri. Angalia mpira wa pembeni. Chujio bora lenye mpira uliokauka ni sawa na mlango wa chuma kwenye nyumba isiyo na ukuta.

Lile la pamba lililopakwa mafuta, kampuni ya K&N ya California ndiyo iliyolipa umaarufu kuanzia 1969, kwa pikipiki na magari ya mashindano. Linaoshwa na kurudishwa, na hilo ni zuri. Lakini kazi yake ya kwanza ni kupitisha hewa nyingi; na nakala zinazouzwa sokoni, koni za rangi nyekundu zisizo na jina, mara nyingi hupitisha vumbi pia. Tena zikiwekwa wazi karibu na motere, zinavuta hewa ya moto. Kabureta nyingi za zamani zina tundu dogo linalosawazisha pumzi ya kibakuli cha esansi na pumzi ya chujio. Ukibadilisha umbo la chujio bila kurekebisha kabureta, gari linaanza kunywa au kukohoa, na fundi anatafuta ugonjwa mahali pasipo na ugonjwa.

Chochote utakachochagua, mahali pa kuvutia hewa pawe juu. Vumbi ni zito zaidi karibu na ardhi, na ndiyo sababu magari mengi ya kazi hunyanyua bomba hadi usawa wa paa. Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine: baada ya safari moja, fungua bomba kati ya chujio na kabureta, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kitambaa kikitoka na udongo, kuna mahali panapovuja, na kila kilomita unayokwenda inakula motere.

Magari haya yanapungua. Land Cruiser nyingi tunazoziona sasa ni za mazutu, hazina kabureta. Lakini kabureta haijaondoka Uvira, imehamia kwenye magurudumu mawili. Moto nyingi zinazobeba wagonjwa, magunia ya mihogo na familia nzima kutoka Sange bado zina kabureta ndogo, na pembeni, chini ya kiti, kuna kiboksi chenye sifongo au karatasi ambacho motari wengi hawajawahi kukifungua. Sifongo huoshwa kwa sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa mafuta kidogo ya motere na kukamuliwa tena mpaka isidondoke. Ni kazi ya nusu saa, ukiondoa muda wa kukauka. Ifanyeni jumapili jioni, kabla barabara ya Kiliba haijaanza tena jumatatu asubuhi.